Funza wa mizizi kwenye mahindi ya sileji: mbegu yenye dawa inafaa lini, na lini unamwaga hela shambani?

Mkamuaji (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila majira ya baridi wauza mbegu hupita kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa huku kaskazini mwa jimbo la New York, tunakolima mahindi ya sileji (mmea mzima unakatwakatwa na kuchachushwa uwe lishe ya ng'ombe), na swali lao halibadiliki: msimu ujao tukuwekee dawa ya 250 au ya 1250? Naona wengi humu mnafanya kazi kwenye mashamba ya aina hii, iwe hapa, Wisconsin au Pennsylvania, na swali la hizo namba linarudi kila mwaka. Nimeona nifungue uzi mmoja tulimalize.

Tuanze na adui. Huyu funza ni mtoto wa mbawakawa mdogo wa jamii ya Diabrotica; mbawakawa mwenyewe urefu wake hata sentimita moja hafikishi. Wapo wawili wanaosumbua: wa magharibi, wa manjano mwenye mistari myeusi mgongoni, na wa kaskazini, wa kijani mpauko asiye na mistari. Kwa mwaka wanatoa kizazi kimoja tu. Jike hutaga udongoni ndani ya shamba la mahindi, kuanzia mwisho wa Julai mpaka Septemba, na mayai hulala ardhini baridi yote. Juni ndiyo yanaanguliwa. Wakulima wa Marekani wana alama yao ya zamani: ukiona vimulimuli wameanza kuwaka jioni, jua chini ya ardhi kazi imeanza.

Funza akishatoka kwenye yai hana chakula kingine zaidi ya mizizi ya mahindi na ya nyasi chache. Asipoipata ndani ya siku chache anakufa. Akiipata, anaanza na vinyweleo, anaingia ndani ya mzizi, na akikua anapanda kwenye mizizi mipya minene iliyo karibu na shina. Hapo ndipo maumivu yanapoanza. Mmea unakosa maji na mbolea, upepo ukipita unalala, halafu unajaribu kuinuka tena na shina linapinda kama shingo ya bata.

Sasa zile namba. 250 ni miligramu 0.25 za dawa kwenye kila punje, na 1250 ni miligramu 1.25. Dawa yenyewe kwa kawaida ni klothianidini (Poncho) au thayametoksamu (Cruiser), zote za kundi la viuadudu liitwalo neonikotinoidi. Hii 250 HAIKUWEKWA kwa ajili ya funza wa mizizi. Kazi yake ni wadudu wanaotoboa mbegu na kula mche ukiwa bado mchanga. Kwa funza wa mizizi, kipimo kinachozungumzwa ni 1250 peke yake. Mtu akikuambia "mbegu yangu ina dawa, sina wasiwasi na funza", muulize ipi. Mbegu za mahindi Marekani karibu zote zinakuja na dawa, lakini nyingi ni hiyo ndogo.

Na hiyo 1250 nayo? Inasaidia pale ambapo funza ni wa kadiri. Wakiwa wengi, inazidiwa. Sababu kubwa ni kalenda. Unapanda mwanzoni mwa Mei, mayai yanaanguliwa Juni, na funza anafika kwenye ile mizizi minene mwishoni mwa Juni na Julai. Muda wote huo dawa inapungua. Neonikotinoidi huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mvua za masika zinaishusha chini. Sehemu inayoingia kwenye mmea wenyewe ni ndogo ajabu: utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue uliochapishwa 2017 uliikuta haifiki hata asilimia 2 ya dawa iliyopakwa kwenye punje. Inayobaki hukaa udongoni kuzunguka mbegu, ikalinda kamduara kadogo. Mizizi ikitoka nje ya huo mduara, funza anakula kwa raha zake.

Karibuni tujadili.

Jembe Butu

Asante mkuu, umeshusha nondo. Mimi niulize la kizembe: mdudu huyu na viwavijeshi ni ndugu?

Mkamuaji

Hapana kabisa. Kiwavijeshi ni mtoto wa nondo, anakula majani juu na unamwona. Huyu ni mtoto wa mbawakawa, yuko chini ya ardhi, na ukija kumjua kwa kuangalia juu shamba limeshalala. Makao yake ni Amerika Kaskazini, na Ulaya alionekana mara ya kwanza 1992 karibu na uwanja wa ndege wa Belgrade, Serbia. Baadaye akasambaa: Italia, Ufaransa, Ujerumani na kwingine.

Kijana wa Planta

Mkuu heshima yako, ila hapa nakupinga kidogo. Bosi wangu anapanda 1250 kila mwaka, mahindi juu ya mahindi, na shamba linasimama vizuri tu. Nadharia za vyuo ni moja, shambani ni kwingine.

Mkamuaji

Sikatai kwamba linasimama. Nauliza: mna mistari ambayo haikuwekwa dawa? Kama shamba zima lina dawa, mnajuaje ni dawa iliyolisimamisha na si kwamba funza walikuwa wachache mwaka huo? Juni yenye mvua nyingi udongo ukajaa maji wakati mayai yanaanguliwa, funza wachanga wanakufa wenyewe kwa wingi. Hapo hata mbegu tupu ingesimama, na sifa zote zingeenda kwenye mfuko wa mbegu.

Mwombe bosi aagize mifuko michache ya mbegu ileile yenye 250, mpande mistari kadhaa katikati ya shamba, siyo pembeni. Katikati ya Julai hadi mwanzoni mwa Agosti ng'oa mimea. Usivute kwa mkono, utakata mizizi na kumsingizia funza. Chimba na koleo kuzunguka shina, toa bonge zima la udongo, loweka kwenye ndoo, kisha osha kwa mpira wa maji taratibu. Mizizi ikishakuwa safi utaona kila kitu: ncha za kahawia zilizotafunwa, mashimo, na pale ambapo duara zima la mizizi (mizizi hutoka kwa maduara kuzunguka shina) limebaki vibutu.

Kipimo kinachotumika ni cha 0 hadi 3. Sifuri, hakuna jeraha. Moja, duara moja zima la mizizi limeliwa hadi kubaki kama sentimita 4 kutoka kwenye shina. Tatu, maduara matatu yamekwenda. Duara moja likiisha, tafiti za mahindi ya punje zinaweka hasara kwenye asilimia 15 hivi za mavuno, na mwaka wa ukame inazidi. Linganisha mistari yenye 1250 na isiyokuwa nayo, halafu rudi hapa utuambie. Mimi nitakuwa wa kwanza kukupongeza kama nimekosea kuhusu shamba lenu.

Ndama Mkubwa

Naomba niongezee upande wa sileji maana huko ndiko niliko. Watu wa punje wakipata mahindi yaliyolala wanaweza kupunguza mwendo wa mashine wakaokota masuke. Sisi tunataka mmea MZIMA. Mahindi yakiwa yamepinda na kulala huku na huku, kichwa cha mashine ya kuvunia kinayakosa mengine, mengine kinayang'oa na mizizi yake. Udongo unaingia kwenye sileji. Udongo huo unabeba bakteria wasiotakiwa, sileji inachacha vibaya, inatoa harufu ya siagi iliyooza, na ng'ombe wanaisusa. Hasara hiyo huwezi kuiona kwenye hesabu ya tani shambani. Unaiona Februari kwenye tangi la maziwa.

Na mashamba yetu ndiyo yanayomlea huyu mdudu. Shamba lililo karibu na zizi linapandwa mahindi mwaka hadi mwaka kwa sababu samadi ya majimaji ni nzito kuisafirisha na sileji nayo ni nzito kuirudisha. Ukipanda mahindi mahali pamoja mfululizo, unamtandikia kitanda.

Afisa Mstaafu

Vijana, mnazunguka mbuyu. Dawa ya huyu mdudu ipo tangu zamani na haiuzwi kwenye mfuko: BADILISHA ZAO. Ametaga kwenye mahindi, mwaka unaofuata akiamka akute lusini (alfalfa, yale majani ya malisho) au soya, amekwisha. Mkulima wa maziwa ana bahati kuliko wa punje, kwa sababu lusini na majani anayahitaji vilevile. Miaka mitatu au minne ya mahindi, kisha lusini, kisha mahindi tena. Mwaka wa kwanza wa mahindi baada ya lusini hauhitaji kinga yoyote ya funza wa mizizi. Yeyote anayekuuzia 1250 kwa shamba la mwaka wa kwanza anakuuzia mwavuli wakati wa kiangazi.

Kijana wa Planta

Mzee shikamoo. Lakini si nimesikia kuna wengine wameshazoea hata mzunguko?

Afisa Mstaafu

Marahaba. Ni kweli, na ni vizuri umelileta. Wapo wa aina mbili. Yule wa kaskazini, sehemu za Minnesota, Dakota Kusini na Iowa, baadhi ya mayai yake hulala baridi mbili badala ya moja, yanaamka mahindi yameshakwisha kurudi. Na yule wa magharibi, huko Illinois na Indiana, kwenye miaka ya 1990 ilibainika kwamba majike walikuwa wanatoka kwenye mahindi na kwenda kutaga kwenye soya. Angalia vizuri: walichozoea ni mzunguko wa mahindi na soya uliofanyika kila mwaka bila kubadilika. Mzunguko wa mkulima wa maziwa wenye miaka kadhaa ya lusini ni mgumu zaidi kuuzoea. Angalizo moja: mahindi yaliyojiotea ndani ya zao jingine yaondolewe, maana yanatosha kumlisha na kumvuta kutaga.

Mdudu huyu ana historia ndefu ya kutuzidi akili. Dawa za kundi la aldrini na heptakloro zilishindwa Nebraska tangu mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Baadaye dawa za kupulizia mbawakawa nazo zikaanza kushindwa hukohuko. Mahindi yaliyobadilishwa vinasaba yenye sumu ya Bt (sumu ya bakteria ambayo mmea wenyewe unaitengeneza) dhidi yake yaliingia sokoni 2003, na 2011 watafiti wa Iowa walichapisha kwamba usugu umeshapatikana shambani, kwenye mashamba ya mahindi mfululizo.

Jembe Butu

Kwa hiyo nikichanganya Bt na 1250 si nimemfunga kamba mbili?

Mkamuaji

Wengi wanafanya hivyo, na pale ambapo Bt imeshaanza kuchoka, kuongeza kinga nyingine kunaweza kuokoa mizizi ya mwaka huo. Ila kunaficha tatizo. Funza wenye usugu wanaendelea kuzaana nje ya ule mduara wa dawa, wewe unaona shamba limesimama, halafu mwaka mmoja linakulalia lote. Pale Bt inapofanya kazi sawasawa, 1250 juu yake mara nyingi unalipia hewa.

Na kama una funza wengi kweli na mzunguko hauwezekani mwaka huo, dawa ya udongo inayowekwa kwenye mfereji wakati wa kupanda, kama teflutrini, kwa kawaida inashikilia vizuri kuliko ya kwenye mbegu. Kero yake ni kwamba inataka vifaa kwenye planta (mashine ya kupandia) na uangalifu zaidi kwa mpandaji. Ndiyo maana watu walikimbilia mbegu yenye dawa: unafungua mfuko, unamimina, unaondoka. Urahisi huo ndio tunaolipia, tuseme ukweli.

Kuna jambo la tarehe ya kupanda ambalo watu wa sileji wanapaswa kulifikiria zaidi kuliko wengine. Wengi wetu tunavuna majani ya kwanza mwishoni mwa Mei, halafu shamba hilohilo au la jirani ndiyo linapandwa mahindi. Ukipanda wakati huo, dawa kwenye mbegu bado ni mbichi mayai yanapoanguliwa, kwa hiyo 1250 inaonekana shujaa. Tena funza walioanguliwa mapema wanakuta hakuna mzizi wanakufa. Safi. Lakini shamba hilo linachelewa kutoa mbelewele na ndevu. Agosti mashamba ya jirani ndevu zimekauka, lako ndilo lina chavua na ndevu mbichi, mbawakawa wote wa mtaa wanahamia kwako kula, na wakishiba wanataga hapohapo. Umevuna salama mwaka huu, umerithi mayai ya kijiji kizima kwa mwaka ujao. Shamba lililochelewa kupandwa lisirudishiwe mahindi bila kuhesabu mbawakawa kwanza.

Na usidhani kuvuna sileji Septemba kunakuokoa kwa sababu umeondoa mmea wote. Mayai mengi yameshawekwa.

Bibi Asali

Nimesoma kimya, sasa na mimi wa mizinga niseme. Mnaongelea punje kana kwamba dawa inakaa kwenye punje. Planta za upepo hunyonya hewa na kuitoa, na dawa isiyoshika vizuri inatoka kama vumbi. Mwaka 2008 kule Ujerumani, bonde la juu la mto Rhine, mahindi yalipandwa na klothianidini dhidi ya mdudu huyuhuyu. Vumbi likatua kwenye maua ya jirani, na zaidi ya makundi 11,000 ya nyuki yakaathirika. Umoja wa Ulaya ulizuia matumizi mengi ya dawa hizi 2013, na 2018 ukazipiga marufuku kabisa nje ya nyumba za kioo. Sisemi mfe njaa. Nasema msiweke dawa mahali ambapo hakuna mdudu.

Mkamuaji

Bibi, shikamoo, na hoja yako imefika. Kwa wapandaji: ulanga na grafaiti tunazomwaga kwenye mbegu ili iteleze ndizo zinazokwangua dawa na kubeba vumbi. Vilainishi vya nta vinavyouzwa siku hizi vinapunguza. Planta isafishwe mbali na mizinga na maua, na tundu la kutolea hewa lielekezwe chini.

Na sheria zimeanza kubana hapa pia. New York ilipitisha sheria iliyosainiwa Desemba 2023: kuanzia 2029 mbegu za mahindi, soya na ngano zenye neonikotinoidi hazitaruhusiwa kwa kawaida. Vermont ikafuata 2024. Kabla ya hapo, ripoti ya Chuo Kikuu cha Cornell ya 2020 ilionyesha kwamba kwa mahindi na soya za New York, kupanda mbegu hizi kama desturi hakukuongeza faida ya mkulima kwa uhakika. Kwa hiyo anayetegemea 1250 peke yake huku ana muda wa kujipanga, ila si mwingi.

Ndama Mkubwa

Cornell haohao wana kitu kingine: nematodi wanaoua wadudu. Ni vijidudu vidogo sana vya udongoni vinavyomwingia funza na kumuua. Walianza kuvitumia dhidi ya mbawakawa anayeharibu lusini kaskazini mwa New York, wakagundua shamba likirudi kwenye mahindi bado vimo na vinamshambulia funza wa mizizi. Wanatumia aina za asili za hukuhuku zinazodumu, unapulizia mara moja na vinakaa miaka. Kwa anayezungusha lusini na mahindi, mimi naona ndiyo njia ya kuangalia.

Kijana wa Planta

Hiyo nimeipenda. Swali la mwisho kwangu: mbegu zilizobaki tunafanyaje? Kuna jamaa alitaka kuzisaga awape ng'ombe.

Afisa Mstaafu

MWAMBIE AACHE MARA MOJA. Mbegu yenye dawa haiwi chakula cha mtu wala mnyama, na lebo inasema hivyo. Ndiyo maana inapakwa rangi kali, isichanganywe na nafaka. Zihifadhi kavu mzipande mwakani, au mrudishe kwa muuzaji kama anapokea. Zilizomwagika kwenye kona za shamba mnapogeuza mashine, fukieni, ndege wanaokota. Kule Mead, Nebraska, kiwanda cha AltEn kilikuwa kinatengeneza ethanoli kwa mbegu za namna hii, makapi yakarundikana na kuchafua mazingira, nyuki wa chuo kikuu cha jirani wakafa, na 2021 jimbo likakiamuru kisimamishe. Glavu na barakoa wakati wa kumimina, na usinawe mikono kwenye ndoo ya ndama.

Jembe Butu

Mkamuaji, nimekubali kuhesabu mbawakawa. Nahesabuje sasa?

Mkamuaji

Njia mbili. Ya kwanza ni macho. Kuanzia ndevu zinapotoka hadi mwisho wa Agosti, ingia shambani kila wiki, chagua mimea sehemu mbalimbali za shamba. Funika ndevu za suke kwa mkono kwanza, maana wanaruka au kujiangusha ukitikisa, kisha achia taratibu uhesabu, halafu angalia makwapa ya majani na mbelewele. Ukipata wastani wa mbawakawa mmoja kwa mmea, na shamba ni la mahindi juu ya mahindi, mwakani badilisha zao au weka kinga.

Ya pili ni mitego ya njano yenye gundi isiyo na chambo. Ifunge kwenye shina usawa wa suke, ondoa majani yanayoigusa, ibadilishe kila wiki. Jumla ya waliokamatwa gawa kwa idadi ya mitego na siku. Wakifika wawili kwa mtego kwa siku, uamuzi ni uleule.

Andika kwenye daftari jina la shamba, tarehe ya kupanda na hesabu. Muuza mbegu akija Desemba na zile namba zake, daftari liwe mezani.

Jembe Butu

Mitego nimeagiza. Kijana wa Planta, na wewe usisahau zile mistari.

Kijana wa Planta

Bosi kakubali mistari minane. Ila kasema koleo nitashika mimi.